«Ilipiga jana» haitoshi: namna ya kuangalia kalibre 12 ya zamani

Mu vijiji kuzunguka Kalemie, kalibre 12 za wazee zingali zinatumika kwa kuwinda. Kupiga vizuri jana si ushuhuda wa leo. Kartushi inaweza kusukuma mtutu kwa nguvu ya bar 700. Tairi ya pikipiki inabeba bar 2 hivi. Kama kuna ufa, kila mpigo unaupanua, mpaka siku mtutu unapasuka mu mikono.

Toa kartushi, fungua bunduki, angalia ndani ya mtutu kwenye mwangaza, kisha pitisha vidole inje. Ukikuta ufa, uvimbe, mashimo ya kutu ao fungio yenye kutikisika, usipige tena. Kuchomelea kunaficha ufa tu. Hata isiyo na alama, fundi wa silaha apime kwanza unene wa mtutu.