Sampuli ya DNA haichukuliwi kwa kificho

Baba mmoja alinijia zahanati baada ya swala ya Alasiri akiwa na kifuko cha plastiki mfukoni. Ndani mlikuwa na nywele za mwanawe wa miezi saba, alizozikata kwa mkasi wakati mkewe yuko jikoni. Mtoto ni mweupe kuliko wazazi wake wote wawili, na maneno ya majirani yalikuwa yamemfika. Alitaka kujua azitume wapi zipimwe DNA, yaani vinasaba.

Nilianza na lililo jepesi: nywele zile hazifai. Kipimo cha kawaida cha uzazi hutegemea seli zilizo kwenye shina la unywele, na unywele uliokatwa kwa mkasi hauna shina.

Sampuli inayotumika zaidi hutoka ndani ya shavu, na usafi wake ni huu:

1. Anayepimwa asile, asinywe, asivute sigara wala kupiga mswaki kwa muda wa saa moja hivi. Mtoto anayenyonya naye asubiri, kwani maziwa yana seli za mama.

2. Anayechukua sampuli aoshe mikono kwa sabuni na avae glovu. Asiguse pamba ya kijiti, wala asiipulize au kuikoholea.

3. Kijiti kisuguliwe ndani ya shavu huku kikizungushwa kwa nusu dakika hivi. Kinachotakiwa ni seli za shavu, si mate tu.

4. Kiachwe kikauke bila kugusa kitu, kisha kitiwe kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu, ukungu na bakteria wakaota, na vinasaba vikaharibika.

5. Kila mtu awe na bahasha yake, na jina liandikwe hapo hapo kabla ya kumgusa mwingine. Bahasha mbili zikibadilishana, nyumba inaweza kuvunjika kwa kosa la kalamu.

Hata ukifuata yote hayo, maabara hupima kilichomo ndani ya bahasha tu. Haina njia ya kujua kwamba kweli kilitoka kwa huyo uliyeandika jina lake. Ndiyo maana sampuli ya kujichukulia nyumbani ni dhaifu mbele ya mahakama. Hapa Tanzania ipo sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na kipimo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi yanayopitia vyombo kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii.

Lililo zito ni nasaba yenyewe. Ndugu zangu, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Januari 2002, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka liliamua kwamba kipimo cha vinasaba hakichukui nafasi ya li'aan katika kumkana mtoto, wala hakitumiwi kuchunguza nasaba iliyokwisha thibiti. Liliruhusu pale penye haja, kama watoto waliochanganywa hospitalini au waliopotea katika maafa.

Na kuhusu rangi, bedui mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) na shaka kama hiyo, mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza juu ya rangi za ngamia wake, mpaka mwenyewe akakiri kuwa rangi huweza kuvutwa na asili ya zamani. Tabibu wa leo atakwambia vivyo hivyo: rangi ya ngozi hutokana na vinasaba vingi, na ya bibi huweza kujitokeza kwa mjukuu.

Nikamuuliza yule baba juu ya bibi zake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mama yake baba alikuwa mweupe, wakimwita Mwarabu.

Mwenye shaka asianze na mkasi. Aanze kwa kuzungumza na mkewe, na likimshinda amwendee kadhi. Shaka iliyochunguzwa kwa kificho humdhulumu mke, na anayelipa zaidi ni mtoto asiyejua lolote.

Wallahu a'alam.