Anachokula Kifaranga cha Kambare Kabla ya Kufika Bwawani

Soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, halikosi kambare. Wako waliokaushwa kwa moshi, wako waliotiwa chumvi, na wengi huvuka daraja la mto Lhubiriha kwenda Kasindi, Beni na Butembo. Zamani hakuna aliyeuliza wametoka wapi. Walitoka ziwani: Katwe na Kayanzi kwenye Ziwa Edward, Hamukungu na Kahendero kwenye Ziwa George. Ila maziwa hayo yamepakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth, mitumbwi yenye leseni ina kikomo chake, na walaji wanazidi kila mwaka. Ndiyo maana siku hizi mwenye kijishamba chenye chemchemi kule Bwera, wilayani Kasese, hufikiria kuchimba bwawa.

Kuchimba bwawa ni kazi ya jembe na subira. Kazi inayowashinda watu iko kwingine. Naamini kwa dhati kwamba kambare wa kufugwa hupatikana au hupotea ndani ya beseni, katika siku kumi za kwanza za uhai wake, naye mara nyingi hufa kwa njaa huku chakula kikiwa kimemzunguka.

Kambare jike mwenye mayai yaliyokomaa hana uchache wa watoto. Gramu moja tu ya mayai yake ina mayai kama 600 au 700. Akichomwa sindano ya homoni, akakamuliwa, mayai yakachanganywa na manii ya dume, basi katika maji yenye nyuzi 28 hivi za Selsiasi huanguliwa kwa takriban siku moja. Kinachotoka ni kidude cha milimita chache, chenye mkia unaotetemeka na kifuko cha kiini tumboni. Mdomo wake bado haujawa tayari kwa kazi. Kwa siku mbili au tatu anaishi kwa akiba aliyopewa na mama yake, na mfugaji hana la kumpa. Ukimwaga chakula sasa unachafua maji bure.

Kisha kiini kinaisha. Vifaranga huacha kujikusanya kwenye kona zenye giza, huanza kuogelea huku na huku wakipapasa kwa sharubu zao. Hiyo ndiyo saa yenyewe. Wakicheleweshwa hudhoofika, na kifaranga aliyekwisha kudhoofika hata akiletewa chakula hana nguvu ya kukifuata.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kiini cha yai la kuku kilichochemshwa, au unga wa mukene, yaani dagaa. Nawaelewa: ni vitu vilivyomo jikoni. Lakini tumbo la kifaranga wa kambare katika siku hizo halijakamilika. Hawezi kumeng'enya vizuri chakula kikavu anachokifurahia akiwa na umri wa wiki mbili. Nacho kiini cha yai huyeyuka, hutuama chini na kuoza, na usiku mmoja unatosha kuua beseni zima. Anachohitaji ni chakula kilicho hai, kidogo cha kuingia mdomoni mwake, kinachotembea ili akihisi.

Chakula kama hicho kipo. Mwaka 1933 Alvin Seale, msimamizi wa jumba la samaki la Steinhart huko San Francisco, alieleza jinsi watoto wa mdudu wa maji ya chumvi aitwaye artemia wanavyofaa kulishia samaki wachanga. Wafugaji wa samaki wa mapambo wakaichukua njia hiyo kwenye matangi yao ya vioo, na baadaye ikaingia katika vituo vya kuzalisha samaki wa kuliwa. Mayai ya artemia hukaa makavu kwa miaka ndani ya mkebe bila kufa. Mengi huvunwa katika Ziwa Kuu la Chumvi, jimbo la Utah, Marekani.

Kuyaangua si uchawi. Chupa ya plastiki hukatwa kitako na kusimamishwa kichwa chini. Hutiwa maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi kwa kila lita, mrija wa hewa ukaingizwa, taa ikawashwa karibu. Baada ya saa 24 hivi hewa hufungwa. Maganda huelea juu, na wadudu wa rangi ya machungwa hukusanyika upande wenye mwanga, ambako hunyonywa kwa mrija, wakachujwa kwa kitambaa chepesi na kusuuzwa kwa maji baridi. Kifaranga aliyeshiba utamjua kwa macho: tumbo lake hugeuka rangi hiyo hiyo ya machungwa. Kwa kuwa artemia hafiki mbali katika maji yasiyo na chumvi, vifaranga walishwe kidogo kidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Kambare ni mnyama wa giza. Beseni lifunikwe, na zamu ya usiku isirukwe.

Mtu wa Kasese atasema: chumvi tunayo, ziwa la chumvi la Katwe liko pale. Ni kweli, lakini chumvi ya Katwe ina magadi na salfeti nyingi. Ajaribu katika chupa moja kwanza, au atumie ya dukani.

Mkebe wa artemia ni ghali, na kwa mfugaji mdogo wa Bwera mimi ningependekeza njia ya pili, moina, yule kiroboto-maji wa madimbwi yetu wenyewe. Kinyesi cha kuku kikiwekwa ndani ya gunia na kuloweshwa katika tangi lililo juani, maji huwa kijani kwa siku chache. Moina wachache wakitupwa humo huzaana haraka. Tangi hilo lianzishwe wiki moja au mbili kabla jike hajachomwa sindano. Wachujwe kwa nyavu mbili: wakubwa wabaki tangini waendelee kuzaa, wadogo wapelekwe kwa vifaranga. Kila kinachofanana na lava wa kereng'ende kitolewe, maana huyo hula samaki.

Suala la maji huko Kasese linahitaji uangalifu kuliko mahali pengi. Vijito vinavyoshuka kutoka Rwenzori ni safi lakini ni baridi, na kifaranga katika maji ya nyuzi 20 hukua polepole mno. Maji yakae kwanza katika tangi jeusi juani. Mto Nyamwamba ni habari nyingine. Unapita Kilembe, mgodi wa shaba uliofungwa mapema miaka ya 1980 na kuacha malundo ya mabaki, na mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalikokota vitu vingi kutoka bonde hilo hadi mjini Kasese. Shaba, hata kidogo, ni sumu kwa samaki wachanga na kwa viroboto-maji. Simshauri mtu yeyote kulea vifaranga kwa maji hayo kabla hayajapimwa maabara.

Tena, watu humjua kambare kama samaki asiyekufa, anayepumua hewa na kutambaa matopeni. Huyo ni mkubwa. Kiungo chake cha kupumulia hewa huanza kazi akifikisha wiki mbili au tatu. Kabla ya hapo anategemea oksijeni ya majini kama samaki wengine. Umeme ukikatika na pampu ikazimika, hana pa kukimbilia. Kwenye miteremko ya Bwera ni heri maji yateremke yenyewe kwa mpira kutoka tangi la juu, yatiririke taratibu mchana na usiku. Na uchafu wa chini unyonywe asubuhi na jioni.

Kuanzia siku ya tano au ya sita, chembe ndogo za chakula kikavu chenye protini nyingi zichanganywe na wadudu, zikiongezwa polepole hadi siku ya kumi au zaidi. Sasa huja balaa la kulana. Anayetangulia kukua humshika mwenzake mkia. Akizidi kidogo humeza mzima. Njaa huchochea tabia hiyo, na tofauti ya ukubwa huikamilisha, kwa hiyo kushibisha na kutenga kwa chujio hufanywa pamoja.

Wengi huepuka taabu hii kwa kununua vifaranga waliokwisha kukua kutoka upande wa Kampala, ambako kituo cha utafiti cha Kajjansi kimefundisha wazalishaji wengi. Lakini huko pia wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hununua kambare wadogo kwa wingi wawe chambo, na mfuko wa vifaranga ukisafirishwa kwa gari mpaka Kasese huchosha samaki na mfuko wa mnunuzi. Ofisi ya uvuvi ya wilaya ingeweza kuanza na jambo dogo: matangi machache ya moina Bwera na Mubuku, ambako mfugaji angefika na ndoo yake akachukua mbegu. Akifanikiwa kuwalea vifaranga wiki tatu au nne, awapeleke jioni katika bwawa lililojazwa maji siku chache tu kabla, lenye wavu kuzunguka kingo. Bwawa lililokaa na maji mwezi mzima tayari lina vyura.