Madaktari wa Runingani na Imani ya Watazamaji

Tamthilia ya hospitali, yaani mchezo wa kuigiza unaorushwa kwa mfululizo katika televisheni na ambao wahusika wake wakuu ni madaktari, wauguzi na wagonjwa, ni miongoni mwa aina za burudani zilizodumu muda mrefu zaidi katika runinga za Marekani na Uingereza. Hospitali haiishiwi wagonjwa, na kila mgonjwa huingia na kisa chake, hivyo mtunzi hakosi la kusimulia hata waigizaji wa awali wanapoondoka. Hata hivyo, jambo linalowafanya madaktari hao wa kubuni wastahili kuchunguzwa kwa makini ni kwamba watazamaji wengi huwaamini kama waganga wa kweli, na imani hiyo ina manufaa yake na madhara yake.

Mkongwe wa tamthilia hizo ni General Hospital, iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 1 Aprili 1963, siku ileile ambayo kituo shindani cha NBC kilianzisha The Doctors. Hii ya pili ilikoma mwaka 1982, ilhali ya kwanza ingali inaendelea. Daktari wake wa mwanzo, Steve Hardy, aliigizwa na John Beradino, ambaye hapo awali alikuwa mchezaji wa kulipwa wa besiboli na alitwaa ubingwa akiwa na timu ya Cleveland mwaka 1948, naye aliendelea kuigiza udaktari huo mpaka alipofariki dunia mwaka 1996. Nchini Uingereza, BBC ilianzisha Casualty tarehe 6 Septemba 1986, na mhusika aliyedumu kuliko wote humo si daktari bali ni muuguzi, Charlie Fairhead, aliyeigizwa na Derek Thompson tangu kipindi cha kwanza hadi mwaka 2024.

Muda wa tamthilia hauendi sambamba na muda wa historia. M*A*S*H, iliyohusu madaktari wa upasuaji katika hospitali ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Korea, ilirushwa kuanzia mwaka 1972 hadi 1983, ingawa vita vyenyewe vilipiganwa kwa miaka 3 tu, kuanzia 1950 hadi 1953. Ilipoanza, Marekani ilikuwa bado inapigana Vietnam, na watazamaji wengi walitambua kwamba masikitiko ya mhusika wake mkuu, Dkt. Hawkeye Pierce, juu ya vijana waliokuwa wakikatwa viungo yalihusu pia vita hivyo vya wakati wao. Kipindi cha mwisho kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100.

Uhalisia wa tamthilia hizi mara nyingi hutokana na tiba yenyewe. ER ilitungwa na Michael Crichton, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, kwa kutegemea aliyoyaona akiwa mwanafunzi. Mswada wake, ulioandikwa mwaka 1974, ulisubiri miaka 20 kabla ya kurushwa mwaka 1994. Tamthilia hiyo ilifika hata katika eneo la wasemaji wa Kiswahili, kwani mwaka 2003 Dkt. Luka Kovač na Dkt. John Carter walioneshwa wakitibu majeruhi wa vita katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika kipindi kilichopewa jina la Kisangani. Naye Dkt. Gregory House, mhusika mkuu wa tamthilia ya House, alibuniwa kwa mfano wa mpelelezi Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimchora kwa kumtazama mwalimu wake wa udaktari mjini Edinburgh, Dkt. Joseph Bell, kwa hiyo, tabibu wa kweli alizaa mpelelezi wa kubuni, na mpelelezi huyo akazaa tabibu mwingine wa kubuni.

Uhalisia huo ndio unaojenga imani, na hapo ndipo madhara huanzia. Mwaka 1996, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa vipindi 97 vya televisheni, vikiwamo vya ER, ambamo asilimia 75 ya wagonjwa waliosimama moyo walizinduliwa, kiwango kinachozidi kwa mbali kile kinachopatikana hospitalini. Kosa jingine huonekana pale mstari wa mashine ya kupima mapigo unaponyooka, daktari akaweka vibao vya umeme kifuani na mgonjwa akafumbua macho. Mshtuko wa umeme hufaa pale moyo unapotetemeka bila mpangilio. Mstari ukishanyooka, kinachotakiwa ni kukandamiza kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pamoja na dawa ya adrenalini.

Manufaa nayo yapo. Mwaka 2012 mjini Marburg, Ujerumani, Dkt. Jürgen Schäfer, aliyekuwa akitumia House kuwafundishia wanafunzi wake, alipokea mgonjwa aliyedhoofika moyo, macho na masikio, akakumbuka kisa kama hicho katika tamthilia hiyo, na vipimo vikathibitisha kwamba madini ya kobalti yaliyotoka katika nyonga yake ya bandia yalikuwa yamemdhuru. Lakini kisa hicho kilimfaa daktari kwa sababu alikuwa na elimu ya kukipima. Ndugu wa mgonjwa mahututi hana elimu hiyo, na anapoulizwa kama mzazi wake azinduliwe moyo ukisimama, huenda akajibu kwa matumaini aliyoyapata runingani. Kwa sababu hiyo, watunzi wa tamthilia wanawajibika kuonesha pia wagonjwa wasiozinduka, nao madaktari wanawajibika kuwaeleza jamaa ukweli wa hali ya mgonjwa mapema, kabla uamuzi huo haujahitajika.