Istilahi ya Mvunjo wa Eksitoni katika Taaluma ya Umeme wa Jua

Mwaka 2014, shamba la chai la Changoi, mali ya kampuni ya Williamson Tea, katika eneo la Kericho na Bomet nchini Kenya, lilianza kutumia mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa takriban megawati 1. Kiwanda cha chai huhitaji umeme mwingi kwa feni za kunyaushia majani na mashine za kuyakatakata. Katika nchi ya mvua za alasiri, ambako ardhi ni ya chai, yafaa kila paneli itoe umeme mwingi iwezekanavyo.

Hata hivyo, silikoni inayotumika katika paneli nyingi ina kikomo chake. Fotoni moja hutoa elektroni moja tu, ambayo huhitaji nishati ya takriban elektronivolti 1.1. Fotoni ya mwanga wa samawati huwa na zaidi ya maradufu ya kiasi hicho, na ziada hupotea kama joto. Katika tetrasini, fotoni hiyo huzaa eksitoni ya singleti, nayo hugeuka kuwa eksitoni mbili za tripleti, kila moja ikibeba takriban nusu ya nishati. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kuwa nishati ya tripleti hizo yaweza kupitishwa hadi kwenye silikoni. Kazi hiyo ingali ya maabara.

Je, tukio hili liitweje kwa Kiswahili? Neno *mpasuko* limekwisha kuhusishwa na kiini cha atomu. Kulitumia hapa kutamfanya mwanafunzi adhani kwamba paneli huficha mionzi ya hatari. *Mvunjiko*, kutokana na kitenzi *vunjika*, ni la mfupa na huashiria madhara. *Uvunjaji* nalo limezoeleka kwa sheria na nyumba.

Lakini Kiswahili kina pia *kuvunja noti*, yaani kuibadilisha kwa fedha ndogo bila kuipunguzia thamani. Silikoni ni kama muuzaji asiyerudisha chenji: apewapo shilingi 20 kwa bidhaa ya shilingi 10, nusu hupotea. Tetrasini huivunja noti kabla haijafika dukani. Kwa sababu hiyo, *mvunjo wa eksitoni* ni istilahi inayofaa: ni fupi, imeundwa kwa kanuni za lugha yenyewe, na maana yake yajulikana hata kwa mchuma chai apokeaye ujira wake.