SUMU ISIYOOZA: UFAFANUZI KUHUSU MABAKI YA DAWA ZA KILIMO

Wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa umma, hudhani ya kuwa dawa ya kuulia wadudu ikishapigwa shambani na mvua ikanyesha, basi habari yake imekwisha. Dhana hiyo si sahihi kwa dawa zote. Wakazi wa Dodoma na uwanda wa kati, ambao hulima kwa mvua za Desemba hadi Aprili na kunywa maji ya visima mwaka mzima, wanastahili kuelezwa sababu yake.

Dawa za kilimo, yaani viuatilifu, hazifanani. Zipo zinazovunjwa na jua, maji na vijidudu vya udongo katika muda wa siku au majuma machache. Zipo pia za jamii ya klorini, kama vile DDT, HCH na dieldrini, ambazo huvunjika kwa taabu kubwa. DDT haiyeyuki vizuri katika maji, bali hushikamana na udongo na mafuta. Hata inapovunjika hugeuka kuwa DDE, ambayo nayo hudumu kwa miaka mingi. Ng'ombe akila majani yenye vumbi la udongo huo, sumu hujikusanya katika mafuta ya mwili wake na kutoka pamoja na maziwa.

Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1972. Mwaka 2001 mataifa yalitia saini Mkataba wa Stockholm, na Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Mkataba huo unaruhusu DDT kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao maradhi tu, kama mbu wa malaria.

Funzo la Vikuge

Mwaka 1986 shamba la serikali la majani ya mifugo la Vikuge, Kibaha, Mkoa wa Pwani, lilipokea msaada wa tani zipatazo 170 za dawa kutoka Ugiriki. Sehemu ya dawa hizo ilikuwa imekwisha muda wake. Ziliwekwa katika banda lisilo na kuta, na baadaye banda hilo likaanguka. Shehena iliyosalia iliondolewa mwaka 1996, na mtu angeweza kudhani kuwa shauri limekwisha.

Halikwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa udongo wa juu mahali pale ulikuwa na DDT hadi asilimia 28 na HCH hadi asilimia 6. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 1 ya udongo uliochafuka zaidi, gramu zipatazo 280 zilikuwa DDT na mabaki yake. Magunia yaliondoka, sumu ikabaki ardhini.

Kwa nini jambo hili linaihusu Dodoma

Mji wa Dodoma hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka visima vya bonde la Makutupora. Imethibitika kuwa maji ya chini ya ardhi katika bonde hilo hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya 1997 na 1998, pale makorongo ya mchanga yanapofurika na maji kuzama ardhini. Maji hayo hupita kwanza mashambani. Haisemwi hapa kwamba visima hivyo vina sumu. Linalosemwa ni kwamba kinachomwagwa leo katika shamba la mtama au la zabibu kinaweza kuchukuliwa na mvua ya miaka ijayo, na ardhi ikishachafuka kwa kiasi cha Vikuge, kuisafisha ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Mambo ya kuzingatia

1. Mtumishi anayepokea dawa, ziwe za kununuliwa au za msaada, asome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutia saini.

2. Dawa zilizokwisha muda zisifukiwe, zisichomwe wala zisigawiwe wakulima. Taarifa ya maandishi ipelekwe kwa Ofisa Kilimo wa Wilaya na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

3. Ofisa anapohamishwa, dawa zote zilizomo ghalani ziandikwe katika hati ya makabidhiano, pamoja na zile zilizoharibika.

4. Mkulima anunue dawa iliyosajiliwa, yenye lebo, na aheshimu idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna.

5. Bomba la kupulizia lisioshwe kisimani, korongoni wala katika bwawa kama la Hombolo. Chupa na madebe matupu yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba na kupigwa shambani, kisha vyombo vitobolewe. Visitumiwe kamwe kuwekea maji, mafuta au pombe.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwananchi anayejua mahali palipofukiwa au kuhifadhiwa dawa za zamani anaombwa atoe taarifa kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, kabla watu wengine hawajachimba kisima au kupanda mboga mahali hapo.