Gongo Jipya la Kriketi Lisichezewe Siku Lilipofunguliwa



Wapo marafiki wa nchi za nje ambao, wakiuliza vijana wa parokia wanahitaji nini, huongeza swali la pili: je, vifaa vya kriketi vitafaa? Kriketi haijazoeleka Kiomboi. Vijana wetu ni wa mpira wa miguu na netiboli. Hata hivyo si mchezo mgeni kabisa. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume huko Uingereza, na vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026.

Jibu letu basi ni ndiyo, ila kuna jambo ambalo kamati na wafadhili walielewe pamoja. Gongo jipya, likipigiwa mpira mgumu siku hiyo hiyo, laweza kupasuka kabla ya jioni, na hapa Kiomboi hakuna duka la kununua jingine. (Tunaposema gongo, wazee wa kamati wasishtuke. Si kile kinywaji.)

Sababu iko kwenye mti wenyewe. Gongo zuri huchongwa kwa mwerebi, mti ambao wasomaji wa Biblia wamekutana na jina lake. Ni mwepesi na laini. Kiwandani uso wake hubanwa kwa mashine, lakini bado haujakomaa. Mpira nao una uzito wa gramu 160 hivi, umefunikwa kwa ngozi, na ni mgumu kweli.

Kwanza ni mafuta. Yanayotakiwa ni ya mbegu za kitani, yaliyo mabichi, yasiyochemshwa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kupaka uso, kingo na ncha ya chini kwa kitambaa. Usipake mpini wala pale mpini unapoungana na ubao, maana gundi italegea. Gongo lilazwe likauke siku nzima, kisha lipakwe tena mara moja au mbili. Singida ni mkoa wa alizeti, na bila shaka mtu atasema tutumie mafuta ya jikoni. Hapana, hayakauki vizuri ndani ya mti kama yale ya kitani. Wala mafuta mengi si dawa: gongo lililoloweshwa huwa zito na kupoteza mrusho wake. Likiwa limebandikwa karatasi ya plastiki usoni, pakeni sehemu zilizo wazi tu.

Kazi kubwa ni kugongagonga, na hapa ndipo watu huchoka. Hutumika nyundo ya mti, ambayo seremala yeyote wa hapa anaweza kuichonga, au mpira wa zamani uliotiwa ndani ya soksi. Anza polepole, dakika 10 hadi 15 kwa kila kipindi, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, mpaka jumla ifike saa 6 hivi. Kingo zigongwe kwa kuparuza kwa mshazari ili ziviringike. Usizipige moja kwa moja, wala ncha ya chini. Mgongo wa gongo hauguswi. Vijana wawili watatu wakipokezana, wiki moja inatosha.

Kisha jaribuni kwa mpira uliokwisha kuchakaa, kwa mapigo mepesi. Mshono wa mpira ukiacha alama za kubonyea, gongo halijawa tayari. Rudini kwenye nyundo.

Kwa watoto wanaochezea mpira wa tenisi, haya yote hayahitajiki.

Ndugu wafadhili, yapo magongo yanayouzwa yakiwa yameshagongwa dukani. Hata hayo tutayajaribu kwanza. Mkituma, tieni humo nyundo, chupa ndogo ya mafuta na mipira michache ya zamani, ambayo vilabu vyenu huenda vinaitupa.

Kwa kamati: gongo lisiwekwe kwenye stoo ya mabati inayopata jua la mchana, wala nyuma ya gari. Kiangazi chetu ni kirefu na mti ukikauka mno hupasuka. Liwekwe ndani penye kivuli, mbali na sakafu yenye unyevu, maana ncha ikinywa maji huvimba. Msimu ukianza, mpakeni mafuta tena, mkono mmoja mwembamba tu.