Je, Wajua? Bondia Apandaye Uzito Mara Nyingi Hajanenepa

Je, wajua kwamba bondia Manny Pacquiao aliwahi kuvuliwa ubingwa wa dunia kabla hata ya kuvaa glavu? Ilikuwa Septemba 1999, nchini Thailand. Alikuwa kijana wa miaka 20, bingwa wa WBC, mojawapo ya mashirika ya ndondi ya dunia, katika daraja ambalo kikomo chake ni kilo 50.8, na mwili wake ulikuwa umeshalikataa daraja hilo. Mizani ilipomsoma amezidi, mkanda ukamtoka palepale. Ulingoni aliingia hoi, na konde la tumboni la Medgoen Singsurat likamlaza raundi ya tatu.

Waliomwona siku ile wangeapa kwamba amekwisha. Yeye akayaruka madaraja mawili kwa mpigo na kutua kwenye kilo 55.3. Juni 2001 aliitwa Las Vegas kuziba nafasi ya bondia aliyejitoa, akiwa na wiki mbili hivi za kujiandaa, akamchapa bingwa wa shirika la IBF, Lehlohonolo Ledwaba wa Afrika Kusini, mpaka mwamuzi akaingilia raundi ya sita. Mwaka 2010 alimshinda Antonio Margarito kule Texas na kutwaa mkanda wa daraja la kilo 69.8. Huo ulikuwa ubingwa wake katika daraja la nane, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo.

Siri iko wapi? Kwa kiasi kikubwa iko kwenye sahani. Bondia anayepanda uzito mara nyingi haongezi chochote. Anaacha tu kujinyima.

Mapambano makubwa siku hizi hupimwa uzito siku moja kabla, kwa hiyo mtu ambaye kilo zake halisi ni 73 hujilazimisha asomeke 66.7, halafu ale na kunywa usiku kucha. Siku za mwisho maji hayagusi. Anaruka kamba akiwa ndani ya koti la plastiki, anakaa sauna, anatafuna chingamu na kutema mate kwenye chupa ili apungue gramu chache. Tazama upimaji wowote mgumu: bondia kavua hadi nguo ya ndani, wasaidizi wawili wamemsitiri kwa taulo, mashavu yamebonyea, midomo imepauka. Kilo zikishatangazwa, mkono wake umeshaifikia chupa ya maji kabla miguu haijashuka kwenye mizani.

Anachokitoa kwa njia hiyo si mafuta. Misuli huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga na kukausha maji, uzito hushuka haraka sana, lakini umeitupa nguvu ya raundi ya tisa na ya kumi, na mlo wa usiku mmoja haurudishi yote. Madaktari wa ndondi wana hofu nyingine kubwa kuliko hiyo: ubongo huelea ndani ya majimaji, na bondia aliyejikausha huenda akapokea ngumi akiwa na kinga pungufu. Ndiyo maana wapo wanaoanguka kwa ngumi ambazo miezi sita nyuma wangezicheka, na wapo wanaopanda daraja moja tu tukawaona kama watu wapya.

Desemba 2008 mambo hayo mawili, kujikausha na kupanda, yalikutana ulingo mmoja. Oscar De La Hoya, aliyekuwa amezoea kilo 69.8, alijishusha kwenda 66.7 ili apambane na Pacquiao aliyekuwa anatoka 61.2. Kila mtu alisema mkubwa atamla mdogo. De La Hoya alipima kilo 65.8, chini hata ya kikomo, Pacquiao 64.4. Usiku wa pambano yule mdogo ndiye aliyekuwa mzito zaidi, kwa chini ya kilo moja. Baada ya raundi ya nane De La Hoya alibaki kwenye kiti chake cha kona.

Je, wajua pia kwamba hatua za ngazi hii ya madaraja hazilingani? Kutoka kilo 47.6 hadi 49 ni hatua isiyofika hata kilo moja na nusu. Kutoka 79.4 hadi 90.7 ni zaidi ya kilo 11. Kwa hiyo ukisikia mtu ni bingwa wa madaraja manne, uliza kwanza ni manne yapi. Mimi binafsi naona alilolifanya Henry Armstrong, Mmarekani wa miaka ya 1930, halijapata mpinzani. Wakati huo madaraja yalikuwa manane tu na mapengo yake mapana. Armstrong alishika ubingwa wa kilo 57.2, wa 61.2 na wa 66.7 kwa wakati mmoja, mwaka 1938. Alipomvua Barney Ross ubingwa wa kilo 66.7 alikuwa amepima kilo 60 na ushee, yaani hakujaza hata daraja la chini yake. Silaha yake ilikuwa kumganda mtu kifuani na kupiga bila kupumzika kwa raundi 15, ili urefu wa mikono ya mpinzani usiwe na kazi.

Mwingine aliyewashinda wazito kuliko yeye ni Bob Fitzsimmons, aliyewahi kufua vyuma kwa nyundo. Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya mtu mwingine kabisa; uzito wote ulikaa mabegani. Mwaka 1897, akiwa na kilo zisizofika 76, alimwangusha bingwa wa uzito wa juu James J. Corbett kwa konde moja la chembe ya moyo.

Kitu kinachosafiri vibaya kwenye ngazi hii ni nguvu ya ngumi. Wengine hulaumu glavu, na ni kweli kwamba ukivuka kilo 66.7 unavalishwa za gramu 283 badala ya 227. Lakini Pacquiao alimsimamisha Miguel Cotto Novemba 2009, kisha hakumsimamisha mtu tena hadi Julai 2018 alipompiga Lucas Matthysse kule Kuala Lumpur. Sehemu kubwa ya mapambano hayo ilikuwa ya kilo 66.7, kwa glavu zilezile ndogo. Kilichobadilika ni vifua na shingo za watu waliosimama mbele yake.

Kasi na miguu husafiri vizuri. Oleksandr Usyk alicheza kilo 75 akiwa kijana wa ridhaa, akajifunza kuzunguka na kupiga kwa pembe kama mtu mwepesi, halafu mwili ukakua ukiwa na ujuzi huo ndani yake. Mei 2024 mjini Riyadh, Tyson Fury alimzidi kwa kilo 17 hivi na bado raundi ya tisa aliyehesabiwa ni Fury.

Kidevu nacho kina habari zake. Mei 2016 Amir Khan, aliyezoea kilo 66.7, alipanda kumkabili Canelo Álvarez. Kwa raundi tano kasi yake ilimsumbua Canelo kweli. Ya sita ikaja ngumi moja ya kulia na Khan akalala chali. Wanaokumbuka walijua: mwaka 2008, Khan akiwa kwenye kilo 61.2, Breidis Prescott alimmaliza ndani ya dakika moja. Kupanda hakukumtengenezea kidevu. Septemba 2025 Terence Crawford alimfuata Canelo yuleyule kwenye kilo 76.2, madaraja mawili juu ya lile alilokuwa akicheza. Alichukua mwaka mzima na zaidi kuujenga mwili, alikuwa hana rekodi ya kuangushwa, na majaji wote watatu wakampa ushindi. Khan alipeleka kasi. Crawford alipeleka kasi, shingo na subira.

Kuujenga mwili huko kuna historia. Michael Spinks alipopania kumvaa Larry Holmes mwaka 1985, alimchukua mtaalamu wa lishe na mazoezi, Mackie Shilstone. Mbio ndefu za alfajiri zikapisha mbio fupi za kasi na vyuma vya kunyanyua, jambo ambalo makocha wa zamani waliliona kama uchawi. Alipanda kutoka kilo 79.4 hadi 90.7 bila kitambi. Holmes alikuwa na ushindi 48 bila kushindwa, akibakiza mmoja kuifikia rekodi ya Rocky Marciano, lakini hakuupata.

Anayepanda na kushinda afikiri mara mbili kabla ya kurudi. Roy Jones Jr. alitwaa mkanda wa WBA wa uzito wa juu kwa John Ruiz Machi 2003. Mwaka huohuo akaikata misuli aliyojiongezea ili arudi kilo 79.4, akaponea chupuchupu kwa Antonio Tarver Novemba, na Mei 2004 Tarver akamlaza raundi ya pili.

Na Afrika Mashariki? Uganda ina somo lote hili kwa watu wawili. Ayub Kalule alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 kwenye kilo 60, mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa kwenye 63.5 kule Havana, na 1979 akatwaa mkanda wa WBA wa kilo 69.8 nchini Japani. Alipanda polepole, kila daraja likimkuta tayari. John Mugabi, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow kwenye kilo 67, alipanda akitegemea konde lake: ushindi 25, wote kwa KO. Machi 1986 alipanda kumfuata Marvin Hagler kwenye uzito wa kati. Hagler alizimeza ngumi zilezile zilizowalaza wengine 25, na raundi ya 11 Mugabi akakaa chini asinyanyuke. Ubingwa wa dunia aliupata baadaye, 1989, baada ya kuteremka kwenda kilo 69.8, dhidi ya Mfaransa René Jacquot aliyeteguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza.